Mapambo ya makopo yakigoma: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Rangi imebanduka, kutu imeota kwenye pindo, taa imebonyea wakati unaitoboa, ua la kopo la soda limekatika petali mkononi. Haya ndo malalamiko nayoyasikia sana kwa watu wanaotengeneza vitu vya ndani kwa makopo, yaani vishikio vya mishumaa, taa za matundu, vyungu vya maua, vikopo vya kalamu, fremu za vioo, na karibu kila mara mtu anahangaika na pale tatizo lilipojionyesha wakati chanzo kiko hatua mbili tatu nyuma. Rangi ikibanduka anaenda kununua rangi ya bei zaidi, kumbe shida ilikuwa kwenye kuosha. Kwa hiyo twende kwa dalili, tafuta ya kwako, angalia imetokea wapi hasa kwenye kopo, maana hapo ndo kopo linakwambia lilikosewa lini.

Kwanza ujue umeshika bati gani

Chukua sumaku, hata ile iliyotoka kwenye spika mbovu. Ikinasa, hilo ni kopo la chuma lililopakwa madini ya bati (tin) kwa juu, makopo mengi ya maziwa ya unga, nyanya, maharage na rangi yako hivyo. Isiponasa ni aluminiamu, hapo unaongelea kopo la soda, bia au enaji. Samaki wa kopo wanakuja kwenye aina zote mbili so usibahatishe, pima tu. Kwa macho vinafanana ila tabia zao haziendani hata kidogo: la chuma linashika kutu, linakubali kulehemiwa kwa risasi (ule waya laini wa kulehemia unaoyeyuka kwa joto), na unene wake unacheza kwenye milimita 0.2 hivi. La soda halioti kutu nyekundu, risasi ya kawaida hailishiki, na ukuta wake ni kama milimita 0.1 ndo maana unalikata kwa mkasi wa karatasi bila jasho.

Na yote mawili mara nyingi kwa ndani yana ngozi nyembamba ya plastiki iliyopakwa kiwandani ili chakula kisigusane na chuma. Huioni vizuri, mara nyingi haina rangi au ina unjano fulani, lakini itakusumbua kwenye rangi, kwenye risasi na kwenye moto, kwa hiyo ikumbuke.

Kuna makopo ambayo hayafai kabisa hata kama umbo lake limekuvutia. Kopo la kupuliza, la dawa ya mbu, la spreyi ya rangi, la marashi, lile linabaki na gesi hata ukiona limeisha, ukilipiga msumari au ukalipasha moto linaweza kukulipukia usoni. Na makopo ya dawa za shambani achana nayo, hata uoshe mara ngapi.

Rangi inabanduka

Hapa tukae kidogo kwa sababu ndo ugonjwa mkubwa, na una sura nyingi na kila sura ina chanzo chake.

Kama rangi inatoka kipande kirefu, yaani unaweka ukucha tu inakuja yote na chini yake kopo linang'aa vizuri, basi haikupata pa kushika. Ni mafuta au ni mng'ao, mara nyingi vyote viwili. Kopo la maziwa ya unga lina mafuta ya maziwa, kopo lolote lililokuwa na lebo ya karatasi lina gundi, na mikono yako yenyewe ina mafuta. Namna ya kujua kama kopo ni safi kweli ni hii, limwagie maji uangalie: maji yakitandaa sawasawa ukuta mzima umefaulu, yakijikusanya matone matone au yakikimbia sehemu fulani, pale bado kuna mafuta, rudia. Hiki kipimo ni bure na kinachukua sekunde chache, na bado watu wanakiruka, inaniuma kweli mtu anamaliza kazi nzuri kabisa halafu inaharibika kwa sababu ya hapo.

Osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo na sponji. Gundi ya lebo ikigoma pakaa mafuta ya kula yaliyochanganywa na bekingi soda, acha kidogo, sugua, au tumia mafuta ya taa, halafu lazima uoshe tena na sabuni maana umeongeza mafuta mengine juu. Likikauka piga msasa namba 220 au 240, kuua mng'ao tu, usichimbe hadi ukaondoa lile bati la juu. Futa vumbi kwa kitambaa chenye thina kidogo, na kuanzia hapo lishike kwa ndani, vidole visiguse nje. Kisha praima ya chuma, yaani rangi ya msingi inayotangulia, hata ile nyekundu wanayotumia mafundi wa mageti inafaa sana, ndo rangi ifuate.

Kama inatoka vipande vidogo vidogo na chini yake kuna wekundu au ukahawia, hiyo siyo rangi mbaya, ni kutu inaisukuma kutoka chini, nenda sehemu ya kutu.

Kama imepasuka pale tu ulipokunja, ulipaka kabla ya kukunja. Kata, toboa, kunja, lehemu, vyote hivyo viishe kwanza, rangi ni ya mwisho. Nawaona watu wanapaka bati likiwa bapa kwa sababu ni rahisi, halafu wanalikunja, haiwezekani.

Kama imejikunja mikunjo midogo midogo, ulipaka mkono wa pili, yaani tabaka la pili, wakati ule wa kwanza haujakauka vizuri, umeshika juu tu ila ndani bado mbichi, au umepuliza spreyi yenye thina kali juu ya rangi ya mafuta. Hakuna ujanja wa kuificha, acha ikauke kabisa, siku kadhaa kama ni ya mafuta, piga msasa mpaka palainike, anza upya. Spreyi nyingi zimeandikwa kwenye kopo lake uongeze mkono mwingine ndani ya muda gani au usubiri muda gani, soma pale, haijaandikwa kwa mapambo.

Machozi yanayotiririka maana yake ulikuwa karibu mno au ulisimama sehemu moja. Kaa sentimita 25 hadi 30, pita haraka, mikono mitatu myembamba ni bora kuliko mmoja mnene. Na ukiona vanishi imeingia ukungu mweupe, ni unyevu wa hewani, hii inatokea sana msimu wa masika hasa ukipuliza alfajiri au jioni baada ya mvua. Subiri saa nne tano asubuhi jua likishachomoza vizuri, fanyia kivulini penye hewa.

Halafu kuna hii, umepaka rangi ya maji ya ukutani moja kwa moja kwenye kopo la chuma na siku hiyohiyo vidoa vya kahawia vikaanza kujitokeza. Maji ya rangi yamekutana na chuma mahali bati lilipokwaruzwa. Rangi ya maji inaruhusiwa, ila juu ya praima.

Kutu

Watu wanashangaa mbona bati la kuezekea linakaa miaka na mikwaruzo yake na kopo linaoza ndani ya masika moja. Sababu ni kilichopakwa juu. Bati la nyumba limepakwa zinki, na zinki ina tabia ya kuliwa yenyewe kwanza, ukiikwaruza inaendelea kukilinda chuma cha jirani. Kopo la chakula limepakwa bati halisi ambalo linalinda kwa kufunika tu, siku likikwaruzwa mambo yanageuka, pale penye mkwaruzo chuma ndo kinaliwa, tena haraka kuliko kingekuwa peke yake. Sasa fikiria taa ya matundu, kila tundu ni kidonda. Na kama unaishi Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar, hewa yenyewe ina chumvi.

Angalia kutu imeanzia wapi. Ikiwa kwenye pindo za kukatwa na kwenye matundu, hukuziba chuma kilichobaki uchi, chukua brashi ndogo upake praima kwenye ncha zenyewe kwa mkono, spreyi ya kupita juu juu haifiki. Ikiwa kwenye duara la kitako, maji yanasimama pale chini, kitu kinatakiwa kinyanyuliwe. Ikiwa madoa madoa pembeni ya sehemu ulizolehemu, ni asidi ya kulehemia haikuoshwa. Na ikiwa ndani kote, basi uligandisha maji ndani ili utoboe juu ya barafu, halafu ukaiacha iyeyukie humohumo usiku kucha.

Kuiondoa, kama ni ya juu juu stilwaya na msasa vinatosha. Ikiwa imeshika, loweka kwenye siki saa chache huku unaangalia, usiisahau humo kwa sababu siki itaendelea kula hadi bati zima. Toa, sugua, suuza na maji yenye bekingi soda kuua ukali, kausha palepale juani au karibu na jiko, na upake praima siku hiyohiyo. Ukilala nalo likiwa uchi asubuhi kutu imerudi. Wapo wanaoipenda ile rangi ya kutu kwenye vyungu, na kweli inapendeza na mimea ya kijani, basi iache ifike unapotaka halafu ifunge kwa vanishi isiyo na rangi, la sivyo itachafua ukuta na vitambaa.

Kwenye vyungu vya maua, mmea ukinyauka huku udongo umelowa, hakuna matundu chini au yamezibwa, toboa manne matano kwa msumari mnene, na tobolea kutoka ndani kwenda nje ili ile midomo ya tundu isizuie maji. Majani yakiungua upande mmoja tu, ni upande wa kopo unaopigwa na jua la mchana, chuma kimepika mizizi. Dawa nayoipenda mimi ni kupanda kwenye kikopo cha plastiki kidogo na kukitumbukiza ndani ya kopo la chuma, hapo kopo linakuwa vazi tu, halishiki maji, linadumu.

Taa inabonyea ukiitoboa

Kopo tupu halitoboleki kwa nyundo, litabonyea tu, lazima ndani kuwe na kitu kigumu. Njia ya barafu ndo inajulikana, unajaza maji, unaweka friza mpaka pagande kabisa, unatoboa juu ya barafu. Kama bado linabonyea ni katikati hapajaganda, lipe muda zaidi. Kama barafu inavunjika kabla hujamaliza, joto letu hili halikusubiri, lifunge na taulo, toboa upande mmoja, lirudishe friza, endelea baadae. Ukiwa na makopo mawili unabadilishana.

Kitako kimevimba nje au mshono wa pembeni umeachia? Ulijaza maji hadi mdomoni. Maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kama asilimia 9 na yakikosa pa kwenda yanasukuma. Acha sentimita mbili au tatu juu. Kitako kilichovimba kinarudi ukikigonga taratibu kwa kipande cha mbao barafu ikishayeyuka, mshono ulioachia haurudi.

Huna friza, au umeme unakatika? Jaza mchanga uliolowa kidogo, ushindilie kwa nguvu mpaka uwe mgumu, ziba mdomo kwa kitambaa na mpira wa tairi. Hautakuwa sawa na barafu kwa matundu madogo madogo ya karibu karibu lakini kwa pambo la kawaida unafaa. Wengine wanachonga gogo linaloingia ndani ya kopo, na kama unatengeneza kwa kuuza hilo gogo ndo la kuwekeza maana unalitumia miaka.

Tundu likitoka kubwa lenye mapengo mapengo, msumari ni butu au mkubwa mno, anza na mwembamba halafu panua. Bati likichanika tundu moja likaungana na la jirani, umeyaweka karibu sana, acha angalau upana wa misumari miwili kati yake, na kwenye mshono wa kopo usitoboe kabisa. Michoro ikipinda upande ni karatasi ya mchoro ililowa ikateleza, ibandike kwa selotepu juu na chini, weka alama zote kwa pigo dogo dogo kwanza, ndo urudie kwa pigo la kutoboa.

Na kuhusu michoro yenyewe, naomba sana tuache kunakili nyota na mioyo ya kwenye picha za nje kila siku. Milango ya Zanzibar na Lamu imejaa vitu vinavyokubali matundu vizuri mno, mnyororo wa pembeni, waridi, samaki, yungiyungi. Ukipanga taa kama kanga inavyopangwa, pindo inayozunguka juu na chini kwanza halafu mji katikati, hata mchoro wa kawaida unatulia, na kosa dogo la katikati halionekani kwa sababu pindo imeshika macho.

Mwanga na moto

Mshumaa unajizima wenyewe ndani ya taa: hakuna hewa inayoingia kwa chini, toboa matundu karibu na kitako. Unacheza cheza na kutoa masizi: utambi mrefu, ukate ubaki kama nusu sentimita, au taa iko njia ya upepo. Kunanuka kitu kinaungua: ulipaka rangi ndani, au kopo ni jembamba mno kwa mshumaa huo, au ile ngozi ya kiwandani inapata joto. Usipake rangi ndani ya kishikio cha mshumaa, chagua kopo pana, weka mchanga mkavu sentimita mbili chini na utumie vile vishumaa vifupi vyenye kikombe chake, na usiiweke juu ya kitambaa wala chini ya pazia.

Ukitaka taa ya umeme, tumia nyaya za LED za betri au za USB, hazipati joto kubwa na umeme wake ni mdogo. Umeme wa ukutani ni volti 230 na hapo unaupitisha kwenye kitu cha chuma chenye matundu makali yanayokwaruza waya, hiyo kazi mwachie fundi umeme, na ahakikishe kuna waya wa ethi umefungwa kwenye kopo lenyewe.

Kopo la soda linapasuka na halinyooki

Bati la kopo la soda limevutwa na kukandamizwa kiwandani mpaka likawa gumu kwa unene wake ule, kwa hiyo halipendi kukunjwa likakunjuliwa likakunjwa tena. Petali ikikatika kwenye mkunjo, uliikunja zaidi ya mara moja au uliikunja kwa pembe kali. Zungushia kwenye kalamu au kijiti upate mviringo badala ya kona. Unapokata, kona za ndani zikate kwa mviringo, kona kali ndo mahali mpasuko unapoanzia.

Ukihitaji bati laini zaidi unaweza kulipasha: toa kwanza rangi ya kiwandani kwa msasa, paka sabuni ya kipande, pitisha juu ya moto taratibu nje penye hewa, sabuni ikigeuka nyeusi toa mara moja uache lipoe. Sabuni inageuka kabla aluminiamu haijafika joto la kuyeyuka, ndo kipimo chako. Kwa bati jembamba hivi nafasi ya kukosea ni ndogo, jaribu kwenye vipande vya kutupa mpaka mkono uzoee.

Likijikunja kurudi kwenye umbo la kopo, livute juu ya ukingo wa meza ukilielekeza upande wa kinyume, vaa glavu, halafu lilaze chini ya vitabu vizito. Ukiwa unachora michoro ya kuinuka na bati likachanika, chini yake pagumu mno. Weka kandambili kuukuu, ile sponji yake ni kamili kabisa kwa hii kazi, au magazeti mengi, na tumia kalamu iliyoisha wino, pita mara nyingi kwa nguvu ndogo.

Gundi inaachia

Tazama gundi imebaki wapi. Ikiwa yote imebaki upande mmoja na mwingine uko safi, uso ulikuwa na mafuta au ulikuwa wa baridi. Ikiwa imegawanyika nusu kwa nusu, gundi yenyewe ni dhaifu kwa mzigo huo.

Ile gundi ya moto ya bunduki inasumbua sana kwenye chuma kwa sababu chuma kinanyonya joto lake, inaganda kabla haijashika, unaona imekaa vizuri kumbe imelala juu tu. Halafu kitu kikikaa dirishani jua likakipiga inalainika na kudondoka. Supaglu inashika haraka ila haipendi kugongwa, na inaacha weupe pembeni ukiimwaga nyingi. Epoksi ya mirija miwili, kwenye maduka ya vifaa utaikuta Araldite na nyinginezo, ndo gundi ya kuiamini hapa: changanya nusu kwa nusu kweli, kwaruza pande zote mbili kwa msasa, bana kwa vibanio vya nguo na uache saa 24. Ikibaki laini inanatanata siku ya pili, vipimo havikuwa sawa, itoe yote.

Lakini nikwambie ninachoamini kabisa, kiungo bora cha kopo hakina gundi. Mafundi wa Gerezani pale Dar na wa Kamukunji kule Nairobi, wale wanaotengeneza koroboi na vibatari na majiko kwa bati chakavu, wanakunja pindo ya kipande kimoja na pindo ya kingine zikashikana kama vidole vya mikono miwili, wanagonga kwa nyundo, imeisha. Haiachii kwa jua wala kwa maji. Kwa vitu vidogo tumia ulimi na tundu, unaacha ulimi wa bati wa milimita 5 hivi kwenye kipande kimoja, unaupitisha kwenye mpasuo wa kipande kingine, unaukunja nyuma. Ukipata nafasi kaa pembeni ya fundi wa namna hiyo uangalie mikono yake, na umlipe muda wake, hao ndo walimu wa hii kazi kabla haijaitwa mapambo.

Risasi hainasi

Risasi ikijikusanya vidonge vidonge na kubingirika, uso si safi, na mara nyingi ni ile ngozi ya ndani hujaitoa. Piga msasa mpaka bati ling'ae, paka flaksi, ile asidi ya kulehemia inayosaidia risasi ishike, halafu pasha bati lenyewe, siyo risasi. Waya wa risasi ukigusa bati lililopata joto unayeyuka wenyewe na kuingia kwenye kiungo. Ule wenye madini ya risasi unayeyuka kuanzia nyuzi 183, usio na risasi unahitaji zaidi ya nyuzi 217, kwa hiyo pasi ndogo ya kulehemia, ile ya kutengenezea simu, inaweza kushindwa kabisa kupasha kopo kubwa, hapo tatizo ni nguvu ya pasi. Ukitumia moto wa gesi nao usizidishe, bati la juu linayeyuka kwenye nyuzi 232, ukiona limeanza kugeuka njano na bluu umeshalipoteza pale, kutu itaanzia hapo.

Kiungo kikitoka na rangi ya kijivu iliyofifia, chenye chenga, na kikaachia ukikigusa, kilisogezwa kabla hakijapoa. Pasha tena bila kuongeza risasi, shikilia, subiri. Ukimaliza osha kwa maji ya sabuni na bekingi soda, asidi iliyobaki ndo ile inayoleta madoa ya kutu niliyosema. Madini ya risasi ni sumu, kitu ulicholehemu nayo kisiguse chakula, fungua madirisha, osha mikono, watoto wakae mbali. Kopo la soda usilijaribu, aluminiamu inajifunika ngozi yake papo hapo hewani na risasi ya kawaida haipenyi, tumia epoksi au ulimi.

Pindo zinakata mikono

Kopo lililofunguliwa kwa kisu halitakuwa salama hata ulipambe vipi. Kuna vifungulio vinavyokata kwa pembeni chini ya duara, vinaacha mdomo laini, tafuta hicho. Kama tayari limekatwa, kunja pindo ndani milimita 3 au 4 kwa plaizi, kidogo kidogo ukizunguka, halafu gonga ilale. Huwezi kukunja? Tumia tupa ndogo, kisha msasa. Matundu ya taa kwa ndani yana meno makali, yapitie kwa tupa ya duara kabla hujaingiza mkono kufuta. Ukikatwa na bati osha jeraha na sabuni na maji mengi, na kama hukumbuki lini ulichoma sindano ya pepopunda nenda kituo cha afya ukachomwe.

Kinayumba mezani, kinakwaruza

Weka kipande kikubwa cha msasa juu ya kioo au marumaru, kalishia kopo, lizungushe taratibu, angalia panapong'aa, hapo ndo palipozidi, endelea mpaka duara lote ling'ae sawa, kisha ziba na praima maana umetoa bati. Ikiwa kinayumba kwa sababu kitako kimevimba katikati, msasa hausaidii, kirudishe ndani kwa kukigonga na mbao. Chini bandika duara la mpira wa tairi la ndani ya baiskeli kwa epoksi, kinakaa kimya na meza haichubuki.